Misumari au skrubu kwa sakafu ya mbao ya nje

Ndugu, umeuliza utumie misumari au skrubu kwenye baraza la mbao unalojenga Kigamboni, karibu na bahari. Kwa mbao za kukanyagia ninakushauri skrubu bila kusita, kwa sababu ubao unaoloweshwa na mvua kisha kukaushwa na jua hutanuka na kusinyaa, na mwendo huo huung'oa msumari kidogo kidogo mpaka kichwa kikachomoza na kuumiza miguu ya watoto, ilhali meno ya skrubu hung'ang'ania boriti. Nunua za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, maana chumvi ya bahari haisamehi. Zile skrubu nyeusi za kufungia bodi za jipsamu usiziguse kabisa. Kama mbao zako ni za mvule, mti huo ni mgumu, hivyo toboa kwanza kwa drili. Misumari minene iliyochovywa kwenye zinki inafaa fremu ya chini, kwa kuwa hupinda kabla ya kukatika.