Mkipata Pesa za Kupanua Kituo cha Mafunzo, Anzeni na Wakufunzi na Ratiba

Karibu kila chuo cha kiufundi ninachokijua hapa Nairobi kinatamani kupanua kitengo chake cha kuwafunza wafanyakazi wa viwanda. Ni tamaa njema, na jiji hili linaihitaji. Shida ni kwamba fedha zikishaingia, kikao cha kwanza huwa cha ramani: ghorofa ngapi, ukumbi wa watu wangapi, bango litatazama barabara gani. Nimesimamia kozi fupi za viwanda katika chuo kimoja cha umma kwa muda mrefu, na ninachomwomba mwalimu mkuu au mwanabodi anayesoma haya ni kimoja. Ongezeni kwanza watu wanaojua kazi na saa ambazo milango iko wazi. Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja, mtajua wenyewe jengo mnalolihitaji ni la namna gani.

Mahali pa kuanzia ni kiwandani, na kiwandani kwenyewe pana mahali pake. Ukienda kuuliza wanataka mafunzo gani, utapelekwa kwa afisa wa wafanyakazi. Atakukaribisha chai na kukupa orodha: uongozi, mawasiliano, usalama kazini. Mambo ya maana, lakini orodha hiyo utaipata katika kila ofisi kuanzia Barabara ya Enterprise hadi Baba Dogo. Mshukuru, kisha omba ruhusa ya kuonana na msimamizi wa ukarabati. Huyo ana daftari, aghalabu limejaa alama za vidole vya grisi, linaloandikwa mashine ipi ilisimama, saa ngapi, kwa nini na nani aliiwasha tena. Omba kulisoma ukiwa naye.

Katika kiwanda kimoja cha chupa za plastiki upande wa Lunga Lunga, tulikuta zamu ya usiku imeandika ukurasa baada ya ukurasa: "sensa", "imezimwa ikawashwa". Sensa ni kifaa kinachohisi hali ya mashine na kupeleka ishara. Mashine ilikuwa ikitoa ujumbe wa hitilafu kwenye skrini, na hakuna fundi wa usiku aliyeweza kuufuata hadi kwenye chanzo chake. Basi wanaizima, wanangoja, wanaiwasha tena hadi ikubali. Ikichelewa kukubali, plastiki iliyokaa kwenye joto inaungua ndani ya mtambo, na zamu ya asubuhi inaanza siku kwa kuusafisha. Msimamizi aliniambia, "Mwalimu, hawa vijana usiwafundishe kila kitu. Wafundishe waielewe hii." Kutoka kwenye kurasa zile tulitunga kozi fupi: kusoma mchoro wa umeme, kupima sensa kwa mita, kufuatilia ishara kutoka kwenye sensa hadi kwenye PLC, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza mashine, na kutoka PLC hadi kwenye mota. Haikuwa na somo lingine. Baada ya miezi mitatu tulirudi kulisoma daftari lilelile, na kwa maoni yangu huo ndio mtihani wa kweli wa kozi ya kiwandani. Wekeni ziara hiyo kwenye mkataba tangu mwanzo, la sivyo hakuna atakayepata muda wa kuifanya.

Mkijua kinachosumbua, ununuzi wa vifaa unakuwa na adabu. Nimeona karakana zilizopewa mashine za kukereza vyuma zinazoendeshwa kwa kompyuta, za bei ya nyumba, zikabaki zimefunikwa turubai kwa kukosa visu vya kukatia na mafuta ya kupozea. Viwanda vyetu vingi vina mchanganyiko: mashine za mkono za miaka mingi zimesimama karibu na mtambo mpya wenye PLC. Kituo kinachovihudumia kiwe na mchanganyiko huohuo. Ubao wa mazoezi wenye mota, kidhibiti mwendo, sensa chache na silinda zinazosukumwa kwa hewa utafundisha watu wengi kuliko mashine moja ya fahari. Viwanda pia vina mota na pampu zilizoharibika ambazo viko tayari kuwapa bure. Fundi hujifunza zaidi kwa kufungua kilichokufa. Kabla ya kuagiza chochote kizito, ulizeni Kenya Power kama laini yenu ya umeme wa fezi tatu itabeba mzigo huo. Na tengeni kila mwaka fedha za vinavyoisha: elektrodi, gesi, vipande vya chuma, beringi. Mfadhili hulipia mashine kwa furaha. Elektrodi hazimvutii.

Sasa wakufunzi, ambao ndio kazi ngumu kuliko zote. Mkufunzi wa kudumu katika chuo cha umma huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, kwa vyeti. Fundi aliyeishi na mashine za haidroliki miaka ishirini, mwenye Gredi ya Kwanza, ya juu kabisa, ya mtihani wa ufundi lakini asiye na diploma, hana nafasi kwenye orodha hiyo. Mimi naamini kituo kisicho na watu kama yeye hakitaheshimiwa na kiwanda chochote, kwa sababu wanafunzi wenyewe ni watu wazima waliochafuka mikono na wanamtambua asiyeijua kazi kabla saa ya kwanza haijaisha. Njia iliyotufaa ni kuwaweka wawili darasani: mwalimu wa chuo na fundi wa mkataba wa muda. Mwalimu anaeleza kwa nini shinikizo limeshuka. Fundi anaweka mkono juu ya pampu na kuwaambia vijana wasikilize. Sheria ya mwaka 2013 ya elimu ya kiufundi inataka mkufunzi atambuliwe na TVETA, mamlaka inayosimamia elimu hiyo, kwa hiyo anzeni makaratasi ya fundi wenu mapema, wala msimwachie ahangaike peke yake.

Walimu wenu nao wapelekeni viwandani likizo ya Agosti. Wasiende kukagua wanafunzi walio kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wavae ovaroli, waingie zamu, wabebe spana. Wengine watanung'unika. Wakirudi, hata namna yao ya kuuliza maswali darasani inabadilika.

Saa za kufungua ni jambo dogo kuandika na kubwa kutekeleza. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Chuo kinafungwa saa kumi na moja jioni. Mfanyakazi anayetoka zamu asubuhi hawezi kukaa darasani siku nzima, na kibarua anayelipwa kwa siku, anayetembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga au Kayaba, hawezi kupoteza ujira ili ajifunze. Semeni waziwazi kwenye mkataba kwamba siku ya mafunzo inalipwa kama siku ya kazi. Fungueni Jumamosi na jioni. Lakini mkifungua jioni, lipeni mlinzi, wekeni taa kutoka karakana hadi langoni, na darasa liishe wakati matatu bado zipo, la sivyo akina dada mtawapoteza katika wiki ya kwanza.

Kuhusu gharama, kuna fedha ambazo viwanda vingi vidogo vinazilipa bila kuzitumia. Mwajiri hutozwa ada ya mafunzo ya Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na ada hiyo inasimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Kiwanda cha watu 200 kinatoa Sh120,000 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo ikiwa mtoaji wa mafunzo amesajiliwa na NITA na kozi imeidhinishwa kabla haijaanza. Wengi huomba idhini wakati mafunzo yamekwisha, wanakataliwa, wanakata tamaa. Chuo kiwe na karani mmoja ambaye kazi yake ni kuwajazia wenye viwanda fomu hizo mapema. Karani huyo ataleta wanafunzi wengi kuliko tangazo lolote la redio.

Mwenye kiwanda atawaambia pia, "Nikimfunza ataondoka." Wengine wataondoka kweli, na msimdanganye mwenye kiwanda. Mwulizeni analipa nini zaidi kwa mtu aliyepanda kutoka Gredi ya Tatu hadi ya Pili. Kama jibu ni hakuna, hapo ndipo mfanyakazi anapotorokea. Nimeona pia wasiwasi huo ukipungua pale viwanda jirani vinapopeleka watu darasa moja kwa pamoja, kila kimoja kikijua mwenzake naye amegharamika.

Kuna wazalishaji ambao hawamo kwenye mikutano ya vyama vya wenye viwanda, nao ni wengi: wakereza vyuma wa Kariobangi Light Industries, wafua masanduku na majiko wa Kamukunji. Hawa hawawezi kumtuma mfanyakazi wiki nzima, maana mfanyakazi ni mmoja na pengine ndiye mwenye duka. Wanachohitaji ni mashine wasiyoweza kuinunua. Mashine za kituo hulala wikendi nzima na kila usiku usio na darasa. Wakodishieni kwa saa, mkufunzi akiwapo, kwa bei inayolipia umeme, visu na muda wa mkufunzi. Fundi anayekuja kuchonga moldi ya mteja wake atajifunza akiwa kazini, na mara nyingi atarudi na kijana wake. Bei hizo zibandikeni langoni kwa Kiswahili, pamoja na namba ya mkufunzi wa zamu, ili mtu asilazimike kuandika barua ya maombi kwa ofisi ya mwalimu mkuu.