Barua kwa mwanangu aliye Kisumu, juu ya shamba ya Bahati

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma yote mpaka mwisho, pale umeniuliza, "Mama, nikilegeza kwa hii maneno ya shamba si ni kusema nimeshindwa? Na mbona kila saa ni mimi naambiwa nielewe?" Hilo la pili nijibu haraka. Unaambiwa kwa sababu wewe ndio umeuliza. Ndugu yako nilishamwambia yake, na sikumbembeleza, lakini hayo ni yake na mimi sibebi maneno ya huyu nipelekee huyu.

Sasa la shamba. Wewe unataka ekari zote tatu zipandwe avokado ya Hass, ndugu yako anataka waru, yaani viazi, na maharagwe ziendelee vile marehemu baba yenu alikuwa akifanya, na sasa nasikia mmefika mahali pa kusema basi tukate katikati, moja na nusu kwa huyu, moja na nusu kwa huyu, mambo yaishe. Mimi hiyo siiti kusikizana. Hiyo ni kuchoka tu.

Wewe unajua nimeuza waru hapa soko ya Wakulima kabla hata uanze shule. Broka, yule dalali wa kununua mazao, akikuja shambani anataka lumbesa, lile gunia limeongezewa kichwa juu mpaka linafungwa na kamba na vijana wawili hawalitoi chini, linapita kilo mia, na sheria inasema gunia la waru ni kilo 50. Sasa mkulima akisema wacha tukutane katikati, nani ameumia? Yule broka alianza na uongo mkubwa ndio nusu yake ikuwe kubwa. Kwa hivyo mahali kitu kinaweza kupimwa, kipimwe kwanza, ndio muanze kuongea kulegeza. Nani alilipia ile fensi, stakabadhi si ziko? Mpaka uko wapi, si seveya anaweza kuitwa? Hayo hayana katikati.

Na kuna hesabu nyingine mmeiruka nyinyi wawili. Dada yenu je? Mnagawana nusu nusu kama mko wawili. Sheria ya mirathi ya Kenya haiangalii mtoto ni wa kiume ama wa kike, na mimi mjane wa baba yenu ningali hai, cheti cha hiyo shamba bado kina jina lake. Watu wawili wakikubaliana vizuri sana juu ya mali ya mtu wa tatu ambaye hakuitwa, hayo si maridhiano, na kwa hilo mimi silegezi hata kidogo. Tena nakuomba nawe usilegeze, hata ndugu yako akikupa upande wa barabarani.

Tukitoka hapo, yaliyobaki yanaongeleka, tena vizuri kuliko vile unafikiria. Ndugu yako alisema mbele ya kila mtu kwamba shida yake ni karo, waru ya Shangi inatoka kama miezi mitatu, mche wa avokado hata ule wa kupandikizwa unakaa kama miaka mitatu ndio uanze kuzaa, sasa hao watoto wakae nyumbani wakingoja? Yeye hapendi waru, anapenda pesa ya Januari. Na wewe, nikikusikiza vizuri, naona hupiganii avokado sana. Unaogopa kwa vile uko mbali, mwenye yuko karibu atalima, atalima, mpaka siku moja uambiwe hapa hukuwahi kuwa na kitu. Unataka miti ndio isimame kwa niaba yako. Hiyo hofu naielewa, na ungemwambia ndugu yako hivyo badala ya kumwambia hajui biashara.

Miti michanga ikipandwa mita sita ama saba kati ya mti na mti, hapo katikati kuna nafasi ya waru na maharagwe misimu kadhaa kabla matawi yakutane. Wewe ununue miche na mbolea, yeye ailinde na kuinyweshea maji akilima zake, ila asichimbe karibu na shina maana mizizi ya avokado iko juu juu na jembe inaikata. Huo mwanzo ni mtamu, hata mnaweza kukubaliana kwa simu. Ngumu ni ule mwaka kivuli kitafunika kila mahali na yeye hana pa kupanda tena. Atapata nini kwa yale matunda? Hilo liandikwe sasa, wakati hakuna tunda. Likingoja pesa ianze kuingia mtagombana kuliko leo. Na mkigombana, majirani wa Bahati wamesimama hapo wakingoja muuze.

Ulikuwa mdogo 2008, wakati wa ile vita ya baada ya uchaguzi, pengine unakumbuka tu hema za wakimbizi pale Showground. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekufa nchini ndio Kibaki na Raila wakatia sahihi ya kugawana serikali mbele ya mpatanishi Kofi Annan, tarehe 28 Februari. Kibaki akabaki rais, Raila akawa waziri mkuu, kiti ambacho Kenya haikuwa nacho tangu 1964. Kila upande ulinung'unika, na mawaziri wakafika 40, tukalipa sisi. Lakini barabara zilifunguka na mimi nikarudi sokoni, kwa hivyo mtu asiniambie walishindwa. Pia waliandika mambo magumu ya baadaye, ardhi, katiba, na katiba ikapatikana 2010. Mahali walituangusha ni kwa wale waliochomewa na kuuliwa watu wao. Februari 2009 bunge likakataa mswada wa mahakama maalum ya kuwahukumu waliohusika, na hao watu mpaka leo ukikaa nao unasikia bado wanauliza. Wakubwa waligawana vya kwao, wakamaliza na cha mwenye hakuwa mezani. Ndio unaona nimekaa sana kwa maneno ya dada yako.

Kuja Jumamosi. Mpigie dada yenu wewe mwenyewe, usimtumie mtu. Kuja na bei ya miche kutoka kwa nasari yenye imesajiliwa, ndugu yako nimemwambia alete hesabu ya karo ya mwaka mzima, tuweke zote mezani tuone. Mkishindwa kuna wapatanishi, hata katiba kifungu cha 159 inataka mahakama ikuze upatanishi, si lazima muuze ng'ombe mlipe mawakili.

Na ukimuita ndugu yako mwizi tena kwa ile grupu ya familia, watoto wake wakisoma, hapo shamba itangoja kwanza tuongee mimi na wewe.

Mama yako