Video ya harusi yenye urefu wa saa mbili usiibane kwenye DVD

Msomaji mmoja, mpiga video za harusi, ameniandikia kwamba bibi harusi amelalamika: picha kwenye DVD zina ukungu, ilhali kwenye kamera zilikuwa safi. Ndugu yangu, kamera yako haina kosa. Kosa ni la diski.

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Ukiibana humo sherehe ya saa mbili, kila sekunde inabakiwa na megabiti 5 hivi, na picha inashushwa hadi pikseli 720 kwa 576. Picha ya kamera, 1920 kwa 1080, ina pikseli mara tano ya hizo. Hina iliyochorwa usiku kucha inageuka doa la kahawia.

Dawa yake ni Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD. Inasomwa kwa leza ya urujuani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 405. Ya DVD ni nyekundu, nanomita 650. Wimbi likiwa fupi, nukta ya mwanga inakuwa ndogo, na mistari ya data inasogeleana: mikromita 0.32 badala ya 0.74. Ndiyo maana diski yenye upana uleule inabeba GB 25 kwa tabaka moja, 50 kwa mawili. Saa mbili kwa megabiti 25 kwa sekunde ni GB 22.5, inaingia yote. Kompyuta ikikuonyesha 23.3 kwenye diski tupu usishtuke, inahesabu kwa 1024 badala ya 1000.

Dukani soma boksi. Iliyoandikwa LTH iache: inarekodi kwenye rangi ya kikaboni, na rangi hiyo hufubaa kwa jua na joto. Chukua BD-R (Blu-ray ya kurekodi mara moja) isiyo na alama hiyo, au M-DISC, diski iliyotengenezwa idumu miaka mingi. Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025, kwa hiyo ukizipata nzuri weka akiba.

Kabla ya kuchoma, yaani kuandika video kwenye diski, hamishia faili zote kwenye kompyuta. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Draivu ya nje inayotegemea tundu moja la USB mara nyingi hukosa umeme katikati ya kazi na diski inaharibika, basi tumia waya wenye vichwa viwili. Chagua kasi ya 4x, dakika 23 hivi kwa diski iliyojaa, kisha iache programu ihakiki. Jamani, msiruke kuhakiki! Ukiruka, atakayegundua kosa ni mteja, siku anataka kumwonyesha mwanawe harusi yake.

Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ya DVD 0.6, hivyo alama ya kidole inasumbua zaidi. Shika kingo. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Deki ya DVD haitasoma diski hii. Mpe mteja flashi ya kutazamia, diski ya kuhifadhi, nawe ubaki na nakala kwenye diski kuu (hard disk) ya nje.