Chora kisichokusubiri

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Unafanyaje uendelee na sanaa yako kila siku, wakati hakuna kazi yako inayokuridhisha?" Mimi nashona nguo hapa Dunda, Bagamoyo, na huchora asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Jibu langu ni hili: acha kwanza kuchora vitu vinavyokusubiri.

Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo, kwa mfano. Huku kwetu karibu kila anayeshika penseli huanza na mlango. Mlango hauondoki. Utaupigia rula mfaa, ule mti wa katikati, utahesabu njumu za mapambo, utafuta ua moja la kwenye kizingiti mpaka karatasi itoboke, na kesho ukirudi mlango upo palepale unakusuta. Mtu asiyeridhika na kazi yake ukimpa kitu cha namna hiyo hamalizi, na asiyemaliza mwisho huacha.

Nikahamia soko la samaki. Ngalawa ikigusa mchanga, foromali, ule mti unaoshika tanga, inashushwa na tanga lake, wachukuzi wanaingia majini mpaka kiunoni, na kabla hujajua uanzie wapi dalali ameshamwaga samaki chini, bei inapanda. Hapo hakuna cha kufuta. Unachora mgongo wa mtu aliyeinama, anainuka. Unauacha ulivyo, unaanza mwingine pembeni. Nina ukurasa uliojaa migongo mitupu, na mkia wa samaki taa unaikata katikati kwa sababu aliburutwa pale nikiwa bado nachora. Naupenda kuliko milango yangu yote. Mnada ukiisha nami nafunga daftari, nimepata sikupata.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida, na kalamu ni ya wino. Lile daftari zuri la kuchorea, ukishalinunua kwa bei yake, unaogopa kulichafua. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. Tangu aanze, mwishoni mwa miaka ya 1960, hadi alipouawa mwaka 1972 ilikuwa ni miaka michache tu, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Angengoja vifaa vya maana, sijui tungekuwa na nini.

Wapo watakaosema huku ni kulea uzembe. Mimi ni fundi, kazi safi naijua. Pindo likipinda mteja ana haki ya kuirudisha nguo. Lakini ile ni kazi ya mteja, hii ni mazoezi, na sisi wachoraji tunataka mazoezi yetu nayo yatundikwe ukutani. Wapiga ngoma wa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, hawana nafasi ya kujidai hivyo. Ukipita karibu unawasikia wakikosea kipande kilekile, wanasimama, wanacheka, wanarudia, na hakuna mpita njia anayedhani hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Sisi tunachana karatasi usiku, mlango tumeufunga.

Kwa hiyo nami sifichi tena. Wauza samaki hulipokea daftari kwa vidole vyenye magamba, wanajitafuta. Mama mmoja mkaangaji aliliinamia kando ya karai lake, akaniuliza: "Fundi, huyu ndiye mimi? Mbona umenikondesha hivi, nimefiwa?" Wenzake wakaangua kicheko, naye akanifungia kipande cha samaki changu. Tangu siku ile kila nikitokea huuliza kama leo nimemnenepesha, na nisipotokea huuliza kwa nini. Nidhamu yangu nusu yake ni ya mama huyo.

Milango bado naichora, Ijumaa mchana kibanda kikiwa kimefungwa. Naweka kengele ya simu, ikilia naondoka, hata kama nakshi imeishia nusu ya kizingiti. Kuhusu kuuza michoro, hilo ni swali jingine, mkiliuliza nitajibu.

Fundi cherehani, Bagamoyo