Swali lilikuwa la gari, jibu langu ni la basi la mwisho

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Je, uko tayari kujinyima gari na kutegemea baiskeli na usafiri wa umma?", nimelisoma asubuhi, nikaliweka kando, nikalirudia mchana. Neno moja limenikaa rohoni: kujinyima. Huu ni mwaka wangu wa 9 bila gari na sijajinyima kitu. Anayejinyima ni yule anayekaa saa nzima kwenye foleni, peke yake, ndani ya chuma cha zaidi ya tani moja, akipeleka mwili wa kilo 70 mahali ambapo baiskeli ya kilo 14 ingemfikisha mapema.

Safari yangu ni hii. Kutoka nyumbani natembea hadi barabara kuu, napanda basi kilomita 18, nashuka, nafungua kufuli la baiskeli yangu inayolala kituoni, namalizia kilomita 5 hadi kazini. Watu hudhani sehemu ngumu ni zile kilomita 5. Hapana. Kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 20, leo, kesho na siku yoyote, foleni iwepo isiwepo. Sehemu ngumu ni kusubiri. Basi likipita kila dakika 10, ukifika kituoni wakati wowote utasubiri kama dakika 5, na huhitaji hata kujua ratiba. Likipita kila saa, kusubiri kunakuwa nusu saa kwa wastani, na likikuacha lile la mwisho, hakuna wastani tena. Mnaofanya zamu ya jioni mnajua ninachosema.

Nilitaka kuishia hapo na kusema ndiyo, kila mtu anaweza. Lakini kuna usiku mmoja ambao siwezi kuuacha nje ya barua hii.

Zamu yangu huisha saa 4:00 usiku na basi la mwisho huondoka saa 4:40. Dakika 20 za njiani, 20 za akiba. Usiku huo, kilomita 2 kutoka kazini, nikasikia tairi la nyuma likilegea chini yangu. Pancha. Sikuogopa, maana vifaa hutembea nami. Nikapindua baiskeli kando ya njia, nikafungua nati, nikavua tairi upande mmoja, nikatoa tyubu. Tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Nikapata tundu kwa kupitisha tyubu karibu na shavu hadi nikahisi upepo, nikakwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke (ukiharakisha hapo kiraka hakishiki), nikabandika, nikajaza upepo. Dakika 15. Saa 4:23 nilikuwa juu ya baiskeli tena, na nilijisifu moyoni.

Kilomita moja mbele, tairi likalala tena. Nilikuwa nimeziba tundu bila kupapasa ndani ya tairi. Kipande cha waya, chembamba kama unywele mgumu, kilikuwa bado kimechomoza ndani na kimetoboa tyubu palepale pembeni mwa kiraka. Fundi yeyote angeniambia: kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole tairi zima. Nilijua hilo. Nilikuwa nawahi.

Kilomita 2 zilizobaki, dakika 13. Nilikimbia nikisukuma baiskeli, pedali ikinigonga mguu kila hatua chache. Nilipofika kwenye kona unakoonekana kituo, basi lilikuwa linaingia barabarani. Nilipunga mkono. Nyuma ya kioo niliona abiria wawili tu, mmoja ameegemea dirisha amelala. Likaenda. La kwanza la alfajiri ni saa 11:15.

Nikampigia jirani. Akasema, "Dada, kaa hapo penye taa, usiondoke." Baada ya karibu nusu saa akatokea, amevaa nguo za kulalia na koti juu, na kwenye kiti cha nyuma mwanawe mdogo amefunikwa shuka, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki naye. Tuligeuza baiskeli mara tatu ndipo ikaingia nyuma ya gari. Mtoto alifumbua macho akauliza kama tumefika. Baba yake akamwambia bado, lala. Hakunidai hata mafuta.

Katika miaka 9 gari lile nimeliita mara 3. Kila nikieleza jinsi ninavyoishi bila gari, sikuwahi kulihesabu. Nikiandika sasa naona mlichouliza si kile ninachopaswa kujibu. Gari langu silihitaji. La jirani nimelihitaji, na mtoto wa mtu ameamshwa usiku kwa sababu ratiba inaisha mapema.

Watu huniambia Waholanzi wamezaliwa juu ya baiskeli. Si kweli. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400, na ni maandamano ya wazazi na wakazi yaliyosaidia kugeuza mambo. Leo kituo cha treni cha Utrecht kina maegesho ya baiskeli 12,500. Jijini Copenhagen, Denmark, treni za mjini (metro) hukimbia usiku kucha, na treni za vitongoji hubeba baiskeli bure tangu 2010. Mabasi mengi ya Marekani na Kanada yana vishikizo vya baiskeli mbili au tatu mbele. Kimojawapo tu kati ya hivyo kingenitosha usiku ule: basi moja la saa sita, lenye mahali pa kuning'iniza baiskeli yenye pancha.

Basi jibu langu ni hili. Kama kazi yako ni ya mchana, mwili unaruhusu na safari yako iko kwenye njia yenye mabasi mengi, uza gari, hutajuta. Simsemei mwenye mgonjwa nyumbani wala anayelea watoto wadogo peke yake. Mimi sinunui, na siku hizi natembea na tyubu nzima ya akiba. Lakini mwezi uliopita mwenzangu kazini, aliyehamishiwa zamu ya jioni, aliniuliza kama auze lake, nikamwambia auze bila kusita. Kesho nitamtafuta nimwambie asubiri kwanza, hadi ile ratiba ibadilike.