Kaa wa baharini waliofika Bukavu: namna ya kuwatunza wakiwa hai na baada ya kupikwa

Mama wa Bagira, hapa Bukavu, aliyeuliza namna ya kuhifadhi kaa umeme ukikatika, ameeleza kwamba mdogo wake amemtumia kaa sita wa mikoko kutoka Dar es Salaam kwa basi, wakiwa wamefungwa magando na kufunikwa kwa gunia ndani ya katoni. Wanne bado wanachezesha miguu, wawili wamelegea. Wageni wake watakuja Jumapili, leo ni Ijumaa, na umeme wa mtaani kwake hauaminiki. Baadhi ya wenzetu wamemshauri awatie wote katika beseni la maji, na wengine wamesema awagandishe wabichi kama tunavyogandisha samaki. Naomba kutofautiana na pande zote mbili. Nilifanya kazi kwa muda mrefu katika jiko la mkahawa Dar es Salaam, ambako kaa walipikwa karibu kila siku, na tangu niliporudi Bukavu ninapikia sherehe. Kwa hiyo nimewashughulikia wanyama hawa penye joto la pwani na penye baridi yetu ya milimani.

Jambo la kwanza, Mama, ni kwamba saa ya kaa huanza kuhesabiwa anapokufa. Siku aliyonunuliwa haina uzito huo. Ndani ya gamba lake kuna tezi kubwa ya kumeng'enya chakula, na kaa akifa tu, vimeng'enya vya tezi hiyo huanza kuila nyama yake mwenyewe, huku bakteria waliokuwa tumboni wakipenya kila mahali. Ndiyo sababu nyama ya kaa aliyekufa muda mrefu kabla ya kupikwa huwa laini kama uji na hutoka kwenye gamba vipande vipande. Kwa hiyo wale wawili waliolegea wapime sasa hivi. Watoe kwenye katoni, waweke mahali penye joto la kawaida kwa nusu saa, maana baridi ya safari humfanya kaa azubae, kisha uguse jicho la kila mmoja kwa kijiti. Kaa aliye hai hulirudisha jicho ndani, hata akiwa mchovu namna gani. Ukimwinua na miguu yote ikaning'inia bila kujikunja, au ukasikia harufu kali kama ya mkojo ikitoka chini ya tumbo, huyo amekufa, na kwa kuwa hujui alikufa Morogoro au Kigali, mtupe. Najua bei yake na najua upendo wa mdogo wako, lakini hakuna upishi utakaomrudisha.

Wale wanne wazima usiwatie katika maji. Maji ya bomba hayana chumvi, na kaa wa mikoko aliyezoea maji ya chumvi hudhoofika ndani yake. Hata ukitia chumvi ya jikoni, maji yaliyotulia katika beseni huishiwa hewa upesi na kaa hukosa pumzi. Nje ya maji, kinyume chake, kaa wa mikoko huweza kuishi siku kadhaa mradi matamvua yake yabaki na unyevu. Lowesha gunia, likamue lisidondoke, uwafunike nalo ndani ya kikapu au katoni yenye matundu, kisha uwaweke sakafuni penye kivuli, mbali na mbabula (jiko la mkaa) na mbali na jua la dirishani. Usifunge mfuko wa plastiki. Magando yabaki yamefungwa, kwa usalama wa vidole vya watoto na kwa sababu kaa hukatana miguu wao kwa wao.

Wala usiwatie ndani ya frigo kwa usiku mzima. Huyu ni mnyama wa nchi ya joto, na baridi ya frigo, ambayo inatakiwa kuwa nyuzi 4 au chini yake, humuua polepole bila wewe kujua ni saa ngapi alikata roho. Hapa ndipo Bukavu inapotusaidia kuliko Dar es Salaam: sakafu ya saruji ya nyumba zetu, usiku, ina ubaridi unaomfaa kabisa. Kule pwani tulilazimika kuhangaika na barafu iliyofungwa kwenye gazeti. Hapa sijawahi kuihitaji kwa kaa walio hai.

Kutokana na hayo, ushauri wangu si kupika wote leo. Kaa aliye hai hahitaji umeme, aliyepikwa anauhitaji kila saa. Wenye nguvu, wanaokunja miguu kwa hasira ukiwagusa, wabakishe hai hadi Jumapili asubuhi, ukiwakagua asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Yeyote anayeanza kulegea apikwe papo hapo, hata kama ni usiku. Huo ndio utaratibu ninaoufuata ninapopikia harusi, na umenipunguzia sana hasara ya chakula.

Kuhusu kupika, kuna jambo ambalo mapishi ya pwani hayalisemi, kwa kuwa halimhusu mtu wa pwani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi joto zipatazo 95 badala ya 100. Sufuria itatokota mbele yako kama ya Dar es Salaam, lakini joto lake ni pungufu, kwa hiyo muda lazima uongezwe. Kaa wa nusu kilo hadi kilo moja, ambaye pwani tungempa dakika 15 hadi 20, mimi hapa humpa dakika 25, nikianza kuhesabu pale maji yanapotokota tena baada ya kaa kuingia. Mtie kwanza katika friza kwa nusu saa ili afe ganzi, ndipo umtumbukize katika maji mengi yenye chumvi. Usijaze sufuria kupita kiasi, kwa maana kaa wanne katika maji kidogo hupoza maji yote, na wa katikati hubaki mbichi.

Rangi nyekundu isikudanganye. Gamba hugeuka jekundu mapema, kabla nyama iliyo karibu na viungo vya miguu haijapata joto la kutosha. Mwaka 1978, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu waliugua kipindupindu baada ya kula kaa ambao hawakupikwa vya kutosha, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kijidudu cha ugonjwa huo kiliweza kubaki hai ndani ya kaa aliyechemshwa hadi dakika 8, na ndani ya kaa aliyepikwa kwa mvuke hadi dakika 25. Sisi wa Kivu, tunaokijua kipindupindu kwa karibu, hatuna sababu ya kuharakisha sufuria. Vunja mguu mnene mmoja na uangalie penye kiungo: nyama iwe nyeupe, iliyoshikana, inayoachana na gamba; ikiwa bado inang'aa kama yai bichi, rudisha wote motoni.

Sasa kupoza, sehemu ambayo naona watu wengi waangalifu wakiharibu kazi yao yote. Kaa aliyeiva akirudishwa katika beseni lile lile alimokaa akiwa hai, au katika gunia lile lile, huokota upya vijidudu ambavyo moto ulikuwa umeviua, na safari hii havina washindani. Tumia chombo kingine kilichooshwa kwa sabuni. Wengine humwagia maji ya baridi ili apoe haraka. Ikiwa maji hayo ni ya ziwa, au ni ya bomba ambayo hayakuchemshwa wala kutiwa dawa, ni afadhali usimwagie kabisa. Mimi huwapanga kwenye sinia pana, migongo chini, bila kuwalundika, na nikitaka haraka zaidi huwatia katika sufuria safi yenye kifuniko na kuiketisha hiyo sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ili maji yasiwaguse. Ndani ya saa mbili tangu watoke motoni wawe wameingia ndani ya frigo. Sufuria kubwa ya mchuzi wa moto usiisukume humo ikiwa nzima, kwa sababu katikati yake hubaki na uvuguvugu hadi usiku. Igawe katika vyombo vifupi.

Katika frigo inayofanya kazi vizuri, kaa aliyepikwa akiwa bado na gamba lake nampa siku tatu, na nyama iliyokwisha kuchambuliwa nampa mbili, kwa sababu imeguswa na vidole. Mweke rafu ya juu, katika chombo chenye kifuniko, na nyama mbichi yoyote ikae chini yake, isije ikamdondokea.

Lakini swali lako hasa lilikuwa umeme. Ukikatika, usifungue mlango wa frigo, hata kwa kuchukua maji ya kunywa: ikiwa imefungwa hushika ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Umeme ukirudi kabla ya hapo, kaa wako ni salama. Ukipita saa 4 na frigo haina barafu ndani yake, usimle, mtupe. Usimpime kwa pua. Baadhi ya bakteria huacha sumu isiyo na harufu wala ladha, na sumu hiyo haiharibiki hata ukichemsha mchuzi mara ya pili, kwa hiyo ile kauli ya kwamba moto unasafisha kila kitu si ya kweli kwa chakula kilicholala kwenye joto.

Friza hustahimili zaidi: iliyojaa na kufungwa hukaa imeganda kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Zikiganda zitakusaidia siku ya giza, na unaweza kuhamishia mbili tatu kwenye frigo. Ili ujue kilichotokea ulipokuwa kazini, gandisha kikombe cha maji, weka kokoto juu ya barafu yake, ukiache humo. Siku utakayokuta kokoto imezama, ujue vyote vimeyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo, na kaa aliyekuwa humo asiliwe.

Unayetaka kugandisha, gandisha aliyepikwa. Kaa mbichi akigandishwa, ile tezi niliyoitaja huendelea kuharibu nyama, taratibu wakati wa kuganda na kwa kasi wakati wa kuyeyuka. Baada ya kupoa, ondoa gamba la juu, toa matamvua na tope la tumboni, gawa mwili mara mbili, funga kila kipande kwa plastiki bila kuacha hewa, na uandike tarehe. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hudumu na ladha yake hadi miezi mitatu. Ayeyukie ndani ya frigo usiku kucha; akiachwa mezani, nje huwa vuguvugu wakati ndani kungali barafu. Akishayeyuka asirudishwe.

Ndugu mmoja ametaja kaa wadogo ambao vijana huwakamata kwenye vijito, akisema wao hawana taabu kwa kuwa huchomwa kidogo tu kwenye makala (mkaa) na kuliwa. Hao ndio ningewaogopa zaidi. Kaa wa maji yasiyo na chumvi katika nchi kadhaa za Afrika hubeba vibuu vya minyoo ya mapafu, na mtu akiwala bila kuiva hupata kikohozi cha muda mrefu chenye damu, ambacho mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu na kutibiwa hivyo bila kupona. Wachemshwe kwa muda ule ule wa wakubwa, na ubao na kisu vilivyowagusa vioshwe kwa maji ya moto kabla ya kukatia mboga.

Kwa hiyo, Mama: wawili hao wapime jicho leo. Wazima walale sakafuni chini ya gunia bichi. Jumapili anza kuchemsha saa 4 asubuhi, tengeneza mchuzi wa nazi pembeni, na wageni wakifika uwatie kaa katika mchuzi unaotokota hadi joto liingie ndani ya magando. Kitakachobaki mezani baada ya saa mbili kisihifadhiwe kwa ajili ya watoto wa Jumatatu. Lakini kile ambacho hakijaguswa, ulichochukua hatua ya kukitenga na kukipoza kabla ya kupakua, kinaweza kulala kwenye frigo na kupashwa moto mara moja tu.