Kitanda kimeegemea ukuta wa moto

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumepanga chumba kimoja Mbagala, futi 10 kwa 10, bati halina dari. Kaskazi hii hatulali. Feni iko juu ya kabati, inazunguka usiku kucha, lakini mtoto wetu wa miaka 2 anaamka analia, mgongo umelowa chapachapa. Mimi saa 10 alfajiri niwe nimeshakanda unga wa chapati. Kitanda kipo ukuta wa magharibi, dirisha linatazamana na mlango. Nadunduliza ninunue feni kubwa. Nichukue ipi?
Mama Chapati, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Hiyo pesa iache kwanza kwenye kibubu.

Leo saa 2 usiku bandika kiganja kwenye ukuta wa kitandani, kisha ubandike ule wa mkabala. Tofali la saruji likipigwa na jua la alasiri hunywa joto, na usiku hulitoa taratibu, migongoni mwenu. Nililijua hilo Tandika mwaka 1994, mwanangu wa kwanza alipojaa vipele vya joto upande mmoja tu, ule uliogusa ukuta. Mpaka leo huniuma kwamba nilimpaka poda wiki nzima kabla ya kusogeza kitanda.

Basi badilisheni: kabati liende magharibi, liachiwe upana wa kiganja nyuma yake, kitanda kihamie upande wa pili. Feni ishusheni. Joto lote la bati limekaa huko juu, na hilo ndilo mnalopuliziwa. Iwekeni kwenye stuli karibu na dirisha, iwaletee hewa ya nje iliyokwisha kupoa. Chandarua msikiondoe, ingawa kinapunguza upepo, ndiyo maana feni isogee karibu.

Godoro hukulitaja, ila huo mgongo unanitia shaka. Mmeliacha na nailoni ya dukani? Wengi huiacha kwa ajili ya kojo la mtoto, na sponji iliyofungwa nailoni haipumui. Ivueni. Upande wa mtoto tandikeni kipande tu cha nailoni, kikunjwe vizuri chini ya godoro, juu yake khanga kuukuu 2 za pamba. Na kama chini kuna ubao mzima badala ya chaga, fundi aubadilishe.

Dari ni kazi ya mwenye nyumba, mwombeni. Laleni hivyo siku 3, kisha uniandikie kama feni bado unaitaka.